Gari Lisilolala

Miguu ya mzee Aumua ilikuwa imevimba hata ndara hazikumwingia, na jioni ile ya Jumanne binti yake Fuatino aliitazama kwa kuibia, kisha akainama tena kwenye injini ya gari.

Mara tatu kwa wiki mzee alipaswa kusafishwa damu katika kliniki ya figo mjini Apia, ng'ambo ya mlima, saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu gari halikuwaka. Basi la kwanza liliwafikisha wakati mashine imekwisha kupewa mgonjwa mwingine, wakarudi kama walivyokwenda. Nesi alimvuta Fuatino kando akamwonya: akikosa na Jumatano, maji yatapanda kifuani. Kwenda kulala kwa jamaa wa mjini mzee alikataa katakata. Alisema kama ni kufa, hafii ugenini.

Betri ilikuwa mpya, nayo ilikufa usiku wa tatu tu. Kutwa nzima Fuatino aliichaji katika maabara ya shule anakofundisha sayansi, na huko ndiko alikoazima mita ya kupimia umeme. Injini ikiwa inanguruma, chaji ilipanda vizuri. Basi tatizo halikuwa kuingia kwa umeme, bali kutoka.

"Mwalimu, hiyo betri feki," alisema mdogo wake, Penitala, aliyeegemea nguzo ya nyumba yao isiyo na kuta. "Umeshika vijiwaya kama unampima mtu presha."

"Afadhali mimi nimeshika kitu. Wewe umeshika nguzo."

Fuatino aliuchomoa waya wa hasi, akaiunganisha mita baina yake na betri, ili kila tone la umeme lipite machoni pake. Mita ikasoma ampia nne na ushei. Alipongoja ishuke, ikaruka juu ghafla.

"Nani kafungua mlango?"

"Mimi, shangazi yako," alijibu Sulu kutoka kiti cha nyuma. "Natafuta upepeo wangu. Au siku hizi gari ni hekalu?"

"Shangazi, mkifungua mlango linaamka. Nataka lilale, nione linakula nini usingizini."

"Liimbie basi," Penitala akadakia, nyumba nzima ikacheka, isipokuwa mzee, aliyekuwa akihesabu pumzi zake.

Mara tatu gari lilielekea kulala, na mara tatu likaamshwa: mtoto akifuata mpira, jirani akiweka kapu la magimbi, Penitala akitafuta kiberiti. Jua lilikuwa linazama.

Hapo baragumu la kombe likalia. Wakati wa sala ulikuwa umewadia. Vijana wa zamu walijipanga barabarani, na kijiji kizima kikaketi. Mtu haendi, gari halipiti. Fuatino naye akaketi mkekani, mikono ina grisi, mita ameiacha juu ya injini. Mzee aliongoza sala kwa maneno mafupi, akipumzika kila baada ya sentensi, na kila pumziko lilimchoma binti yake.

Baragumu lilipolia la mwisho aliruka. Robo saa nzima hakuna aliyeligusa gari. Mita ilisoma ampia mbili na nukta moja. Kwa gari lililolala, hata sehemu ya kumi ya ampia moja ingekuwa nyingi.

Akibana kufuli ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa, alianza kung'oa fyuzi, huku shangazi akimsomea namba. "Mbili na moja." Nyingine. "Mbili na moja, mwanangu." Akazimaliza zote. Namba haikutikisika, na giza lilikuwa linaingia.

Alisimama, akachukua tochi. Kama fyuzi zote zimetoka na umeme bado unakwenda, basi anayeunywa hapiti kwenye fyuzi. Akamulika kichwa cha chanya cha betri. Chini ya utepe mweusi, ubavuni mwa waya mnene, ulijificha waya mwembamba mwekundu.

"Penitala, huu wa nini?"

"Huo? Wa muziki. Lakini muziki si niliung'oa? Baraza la kijiji walinitoza faini ya katoni kumi za samaki wa kopo kwa kupiga wakati wa sala. Spika nikampa rafiki yangu Ioane."

"Spika ulimpa. Na amplifaya?"

Penitala alijikuna shingo. "Iko chini ya kiti. Ule waya wa kuiwasha niliuunga moja kwa moja kwenye betri, si kwenye ufunguo. Ila haitoi sauti, dada. Nilijua imekufa."

Fuatino aliingiza mkono chini ya kiti cha nyuma. Chuma kilikuwa na joto, kama mnyama aliyelala.

Alipoukata waya, shangazi akapaaza sauti: "Sifuri, nukta, sifuri tatu!"

"Baba angekufa kwa ajili ya makelele yako," Fuatino alisema.

"Msimgombeze," mzee alisema. "Hata mimi nilizipenda zile nyimbo."

Fuatino alirudisha fyuzi zote na waya wa betri, lakini bado hakuamini. Alilala kwa kushtuka-shtuka, na saa kumi na moja kasorobo alikuwa ameshika ufunguo, hathubutu kuuzungusha. Penitala alimpakia mzee, akamfunga mkanda, akabaki amesimama dirishani.

Injini iliwaka kwa mzunguko mmoja. Fuatino hakuizima mlimani, wala kwenye taa za mjini, wala mlangoni mwa kliniki. Nesi alipokwisha kumshika mzee mkono, ndipo alipoondoa mguu wake kwenye mafuta, akaizima.