Mama Mkwe Hanyanyuki

Siku Hamudi alipomposa Mwanne, alijifunga kwa kinywa chake mwenyewe: binti huyu hatabeba ndoo kichwani tena. Newala hii hii, ambako maji yakitoka ni sikukuu, na mwanamume mzima anaahidi hivyo! Lakini alinunua tangi, akafunga pampu, na kweli ndoo ikabaki ya kufulia.

Leo maji yametoka, mama mkwe amekuja kuwasalimia kutoka Chiungutwa, na pampu imegoma. Breka yake, ile swichi inayojikata umeme ukizidi, ilikuwa ikikatika tangu kiangazi. Hamudi, fundi umeme anayeitwa hadi Tandahimba, kila mara aliirudisha kwa kidole akasema kesho. Mganga hajigangi, wanasema, ila wakati mwingine ni uvivu tu.

"Baba Rukia, ndoo yangu ya bluu umeiona?" Mwanne alimuuliza mumewe toka uani, kata ya kichwani iko tayari. "Bila pampu maji hayapandi huku. Niende bombani kabla hayajakatika."

Hamudi alikurupuka. Aende na ndoo, mbele ya mama yake!

Akachukua breka mpya na bisibisi, akafika mlango wa sebule, akaganda. Boksi la breka liko ukutani humo, na kando yake amekaa mama mkwe, khanga imemwagika mpaka sakafuni. Na mtu haingii alipo mkwewe, wala hasemi naye ana kwa ana. Alikohoa. Akakohoa tena.

Ndani kuku alikuwa akidonoa makombo. "Wewe kuku," mama mkwe alisema, "mwambie mkwe wangu aingie afanye kazi yake. Mimi sinyanyuki, magoti yananiuma." Akajifunika uso.

Hamudi aliingia kinyumenyume, jasho likimtiririka. Alizima mein swichi, akapima kwa testa, akalegeza skrubu, akachomoa breka mbovu. Ilikuwa imeungua mgongoni. Aliona aibu, ingekuwa ya mteja angemgombeza. Akapachika mpya, ampea zile zile, akakaza nyaya, akawasha.

Uani pampu ikaunguruma.

"Na ndoo yenyewe siioni mpaka sasa!" Mwanne alilalamika akiingia.

Mama mkwe akanyanyuka, wala magoti hayakulia. Pale alipokuwa amekaa, ndoo ya bluu ilikuwa imefudikizwa. Alikuwa ameikalia tangu pampu ilipogoma.

"Kuku," alisema, "mwambie mkwe wangu amechelewa, lakini nilijua hatanitia aibu."

Hamudi alimtazama kuku yule kwa mapenzi makubwa, akamsogezea makombo yaliyobaki.