Mawaridi ya Shimo la Ndugu Longinus

Abbasi alipiga magoti kando ya lundo la tatu, akachomeka nondo katikati ya mboji, akangoja, kisha akaichomoa na kuikamata kwa kiganja. Ilikuwa ya moto hata akaiachia upesi. Akaridhika. Abbasi alikuwa bwana afya wa mji wa Kasulu, mzaliwa wa Pangani, na tangu ahamishiwe milimani hakuwa na adui mwingine ila minyoo.

Mvua za mwaka wa sabini na nne zilikuwa zimegoma. Watu waliohamishiwa vijiji vipya walikuwa hawajapata hata pa kupanda mihogo, na sasa karibu kila nyumba ilikula unga wa njano wa msaada. Lakini Saba Saba ilikuwa inakuja, mgeni rasmi alikuwa anakuja nayo, na kamati ya mapokezi ilitaka maua. Samadi haikupatikana. Ndipo Abbasi aliposimama kikaoni akasema mashimo ya maji taka yamejaa, kwa hiyo yazibuliwe. Tope likaushwe, lichanganywe na majani makavu na vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa njia ya Kibondo, kisha liachwe lichemke lenyewe miezi kadhaa mpaka kila kijidudu kife.

"Wala yasichanganywe," aliongeza. "Kila shimo na lundo lake, kila lundo na tuta lake. Minyoo ikionekana, tujue imetoka kwa nani."

Kamati ilikubali, maana hakuna aliyetaka kulizungumza zaidi.

Mashimo yalikuwa matatu: la soko, la zahanati, na la nyumba ya Ndugu Longinus, msimamizi wa ghala la msaada. Kazi ya kupindua malundo ilikuwa ya Kezia, au Mama Esteri, mjane aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Abbasi alimpa mabuti ya mpira na glovu, akamkataza kula kabla ya kunawa kwa sabuni, akamwapisha asipande chochote cha kuliwa.

"Maua tu, Mama Esteri. Si mchicha, si nyanya."

"Nimesikia, Bwana Afya. Maua hatuli."

Malundo yalichemka, yakapoa, yakawa meusi na mepesi kama udongo wa msituni. Mawaridi yalipandwa, yakashika, na mwezi Juni yakachanua. Ya tuta la soko yalinuka ugali wa njano usio na chumvi. Ya tuta la zahanati yalinuka kwinini. Ya tuta la Ndugu Longinus yalinuka pilau na kuku wa kukaanga, na jua likianza kushuka yalinuka maziwa.

Kezia aliweka chini ndoo ya kumwagilia. "Bwana Afya, haya yananuka maziwa."

Abbasi akainama, akanusa. "Ya kopo," alisema.

"Yale ya watoto."

"Yale ambayo lori lake lilizama mto Malagarasi."

"Ehe," Kezia alisema. "Ndivyo tulivyoambiwa." Akainua ndoo, akaendelea na kazi.

Habari hazikuchelewa kufika sokoni. Adhuhuri watu walianza kuja na ugali wao uliofungwa kwenye majani ya mgomba, wakaketi kando ya tuta, wakala: tonge, kunusa, tonge, kunusa. Mwamvua, muuza vitumbua aliyekuwa amekosa unga wa mchele, alilalamika kwamba wenye vifua vikubwa wanamaliza pilau, ikabidi wapangwe kwa zamu. Abbasi naye akaweka debe la maji na kipande cha sabuni hapo, akawa anakagua kucha.

Ndugu Longinus alimfuata ofisini, jasho likimtoka. "Mboji yako ina kasoro, Bwana Abbasi."

Abbasi aliinuka kitini. "Kasoro gani? Umeona mnyoo?"

"Inanuka vitu."

"Ndugu yangu, mimi nimeua minyoo na mayai yake. Pilau si ugonjwa."

"Basi ongeza joto!"

Kwa kuwa aliipenda kazi yake, Abbasi aliongeza joto. Mboji iliyosalia aliifunika kwa maturubai, akaichemsha upya mpaka nondo ikamwunguza, ndipo akaimwaga juu ya tuta. Kesho yake mawaridi yalinuka vilevile, ila sasa na biskuti.

Hapo Abbasi alikosa usingizi. Wodini kulikuwa na watoto waliovimba miguu kwa kukosa lishe. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapima mikono. Akaazimia kusema.

Mgeni rasmi, Ndugu Stanislaus, aliwasili Saba Saba akiwa na vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alipita tuta la kwanza na la pili kwa tabasamu. Kwenye la tatu alisimama, akauliza kama chakula ki tayari.

"Ni mawaridi, ndugu mgeni," Abbasi alisema. "Yametokana na shimo la Ndugu Longinus. Hayo maziwa unayoyasikia ni ya watoto wa wodini."

Mgeni alinusa tena, macho ameyafumba. "Ni kweli," alisema. "Na mdalasini umo." Akageuka. "Mboji hii ni salama?"

"Salama kabisa."

"Hongera sana. Kazi ya kupigiwa mfano." Watu wakapiga makofi. Abbasi alikuwa bado anangoja neno la pili. Mgeni akalitoa: kuanzia siku hiyo malundo yote yachanganywe, kwani kutenganisha mashimo kunaleta matabaka, na foleni ya unga wa njano ipitishwe katikati ya bustani, ili wananchi wapate kitoweo. Kisha akaenda kula kwa Ndugu Longinus, akakaa huko mpaka saa kumi.

Malundo yakachanganywa. Bustani nzima ikawa na harufu moja nyepesi ya kila kitu, na foleni ikapita humo, imetulia kuliko zamani. Abbasi alisimama mwanzoni mwa foleni na debe lake la maji, akinawisha watu mikono, na hakumtazama mtu usoni.

Siku moja Kezia alipokea unga wake, akarudi bustanini, akalitafuta waridi moja lililobakia pale palipokuwa tuta la tatu. Akaliinamia, akavuta pumzi ndefu, akafunga mdomo. Nyumbani, kwenye njia ya Muyama, mama mkwe wake Immakulata alikuwa mgonjwa kitandani, hajaweza kutembea mpaka mjini kunusa hata mara moja.

"Mwakeye, Mama Esteri!" majirani walimsalimu njiani.

Kezia aliitikia kwa kichwa tu, mashavu yamejaa. Hakuna aliyeona ni jeuri. Walimpisha apite, maana waliona amebeba chakula.