Uso wa Gari la Musyoka

Kila asubuhi, kabla jua halijayapata mabati ya karakana, Nzisa alitoka na bakuli la ukwaju uliolala majini na kopo la majivu, akaketi mlangoni kwenye kigoda na kuanza kusugua shaba. Alianza na taa mbili kubwa za mbele, akaja kwenye honi iliyojipinda kama pembe ya tandala, akamalizia na vishikio vya milango. Mjomba wake Musyoka alikaa kwenye pipa lililopinduliwa akinywa chai. Hawakuzungumza. Nzisa hakuwa msemaji tangu utotoni, na Mjomba naye hushikilia kwamba maneno ya asubuhi ni kama mate ya asubuhi, hayafai kutolewa mbele za watu kabla mtu hajasukutua.

Siku ile alikuwa kwenye taa ya pili mwanga ulipoingia uani. Ulikuwa doa la duara, pana kama ungo, nao ulitangulia mbali kuliko kilichouleta. Ulipanda ukuta wa jikoni, ukashuka, ukamtimua jogoo, ukapita juu ya pojo za msimu uliopita alizokuwa akipepeta Aunti Kaveke, mkewe Mjomba, kisha ukamvaa Mjomba mwenyewe usoni mpaka akafumba macho. Nzisa alibaki na kitambaa mkononi. Alidhani kwa nukta moja kwamba jua lingine limechomoza upande wa barabara.

Ikawa ni bodaboda. Nyuma ya dereva, miguu upande mmoja, alikaa mwanamke mzee wa buibui, na mapajani alikuwa amekumbatia sinia la shaba ya manjano, lenye maua ya kuchorwa, kubwa kuliko yeye.

"Nishike mkono, mwanangu," alimwambia dereva. "Magoti yamekufa ganzi tangu kule lami ilipoishia." Kisha akamgeukia Mjomba. "Musyoka, gari lako bado halina uso?"

"Bado, Mama Fahim."

"Basi uso wake huu hapa."

Huyu alikuwa Bi Tima wa Kitui mjini. Miaka na miaka Musyoka ndiye aliyelitengeneza lori la marehemu mumewe, Abubakar, hata nyumba zao mbili zikawa kama nyumba moja yenye dini mbili. Sinia lile mama yake Bi Tima alikuja nalo kutoka pwani alipoolewa bara, na hakuna harusi ya ukoo wao ambayo wali wake haukupakuliwa humo. Siku hizi, alisema, kila mtoto anataka sahani yake na simu yake pembeni. Sinia limeangikwa ukutani kama saa iliyokufa, na mwanawe Fahim ameanza kuwaulizia watu wa vyuma chakavu. Yeye akaona ni heri likimbie barabarani kuliko liyeyushwe liwe makufuli. Sharti lake lilikuwa moja tu: siku gari likitoka, atakaa mbele.

Musyoka alilipokea kwa mikono miwili, akaliegemeza kifuani haraka, kama mtu anayezuia kitu kisiseme.

Gari lenyewe lilikuwa limekaa katika karakana ile, hapo Kwa Vonza, muda mrefu kiasi cha watu kuacha kulicheka na kuanza kulicheka upya. Chini lilikuwa chesisi ya pikapu iliyochoka. Juu lilikuwa gari la zamani za kale: boneti ndefu, madigadi yaliyojikunja kama mabawa ya kuku anayeatamia, na viti virefu ambavyo Aunti Kaveke alivishonea ngozi kwa mkono. Musyoka alizaliwa Makindu, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli, na siku moja barabara ya Mombasa ilileta gari la namna hiyo, kongwe kuliko dereva wake, likasimama kuomba maji. Uso wake wote ulikuwa shaba. Alipolisogelea na ndoo akajiona humo mzima, macho, meno na anga lote nyuma ya kichwa chake. Nyumbani kwao hapakuwa na kioo. Alirudi na kumwambia mama yake kwamba ameona gari lililombeba ndani ya paji lake.

Kwa hiyo shaba haikuwa pambo. Shaba ndiyo iliyokuwa gari, na mengine yote yalikuwa ya kuibeba. Taa zilitokana na mabomba ya maji yaliyotupwa, honi na vishikio vikatokana na vifaa vya ndani ya matangi ya zamani. Uliobaki ni uso, ile fremu pana inayoizunguka rejeta, nao haukuweza kuungwaungwa vipande. Ulihitaji bamba moja. Sasa bamba lilikuwapo, na halikuwa na mwenzake.

Nzisa aliweka kitambaa chini, akalitazama sinia lile. Alisomea kazi ya mabati na bodi za magari katika chuo cha ufundi, msichana peke yake darasani, na alikuwa na mkono mzuri. Hata walimu waliomtania kwa upole wake walilikubali hilo. Lakini katika karakana hii alikuwa amekata, ameshikilia na amesugua tu. Kupiga umbo kulikuwa kazi ya Mjomba. Mama yake, Syokau, alikuwa amemtafutia nafasi ya kukaa kaunta katika duka la vifaa vya ujenzi kule mjini Wote, aende pojo zikishavunwa, na Nzisa alikuwa amekubali kwa sababu hakuna aliyemwambia asikubali. Alitaka kuupiga uso ule kuliko alivyowahi kutaka kitu. Alitaka Mjomba amwambie: wewe ni fundi, kaa. Hakusema. Alichukua tena kitambaa.

Kulikuwa na jambo lingine lisilosemwa katika boma lile. Mikono ya Musyoka ilikuwa ikitetemeka. Aunti Kaveke alikuwa ameanza kumjazia chai nusu kikombe, bila neno. Musyoka mwenyewe akiwa na wageni alitia mkono wa kulia mfukoni mwa ovaroli. Wote walijua, na kila mmoja alitembea pembeni mwa jambo hilo kama watu wanavyolipita shimo la njiani walilolizoea.

Mjomba alianza kazi peke yake, na alianza vibaya. Musyoka alijifunzia shaba kwa babu yake, aliyekuwa akipamba vigoda vya wazee kwa waya, vile vya miguu mitatu. Waya wa kigoda hupigwa baridi. Unachora mfereji kwenye mti, unaulaza waya, unaugonga polepole mpaka uingie, na anayeutia motoni huchekwa kwa sababu atauchoma mti. Hivyo ndivyo alivyojua shaba inavyotendewa. Akalilaza sinia juu ya umbo alilochonga kwa mti wa mukau, akalipiga baridi.

Nzisa alikuwa nje, akisikiliza. Mapigo ya kwanza yalikuwa na sauti nzito, kama kugonga boga. Kadiri yalivyoendelea sauti ikapanda, ikawa nyembamba, ikawa kama kengele, na Nzisa akasimama. Alijua shaba inalalamika. Alijua pia kwamba kumwingilia mzee kazini ni utovu wa adabu. Alisimama pale mlangoni na maneno yakiwa yamemjaa mdomoni, mpaka aliposikia mlio mdogo mkavu, kama ukucha unaovunjika.

Ufa ulikuwa ukingoni, mwembamba kama unywele, urefu wa kidole.

"Hii nyundo imekwisha," Mjomba alisema. Akaitazama nyundo kana kwamba ni mtu. "Na mwanga wa humu ni mbaya."

"Mjomba," Nzisa alisema, na sauti yake ikatoka ndogo hata ikabidi airudie. "Mjomba, imekuwa ngumu kwa kupigwa. Inataka moto. Ikipata moto italainika tena."

Alingoja akaripiwe. Musyoka aliupitisha ukucha juu ya ufa, kwenda na kurudi.

"Waya wa babu haukuwahi kuonja moto."

"Waya ulikuwa na mti wa kuushika. Hili bamba halina wa kulishika."

Mzee aliweka nyundo chini. Kisha akauliza moto kiasi gani.

Basi wakafanya alivyosema Nzisa. Kwanza alitoboa tundu dogo sana pale ufa ulipoishia, ili usisafiri zaidi, akauziba ufa wenyewe. Kisha akaeleza, akitazama viatu vyake, kwamba shaba ikifika wekundu hafifu imetosha, ikipita hapo huporomoka mara moja kama asali, na kwamba jua la Kitui ni kali mno, nje hakuna jicho linaloweza kuuona wekundu ule. Lazima pawe giza. Aunti Kaveke, ambaye siku zote alisema gari lile ni mke mwenza, akaleta mablanketi yote ya nyumbani, akenda kuazima pazia zito la jukwaa kanisani, wakaziba madirisha na kila ufa wa mabati.

Adhuhuri ikawa usiku ndani ya karakana. Nzisa alipuliza makaa, akalishika sinia kwa koleo ndefu na kulizungusha polepole juu ya moto. Kwa muda halikuonekana kabisa. Walisikia tu makaa yakipumua. Kisha, katikati ya ule weusi, kitu kikaanza kuwapo. Hakikuwaka. Kilikuja tu, kama alfajiri inavyokuja, rangi ya ndani ya ua la mbono, na maua yote yaliyochorwa na mkono wa mtu asiyejulikana jina, zamani, ng'ambo ya bahari pengine, yakachomoza moja moja yakining'inia gizani bila sinia. Aunti Kaveke alianza kunong'ona sala bila kukusudia. Nzisa alisahau kuogopa. Alifikiri: hivi ndivyo vitu vilivyo kabla havijaamua kuwa vigumu.

Alilitoa, akalichovya majini, na mvuke ukawafunika wote watatu. Lilipotoka lilikuwa jeusi na baya. Lakini Musyoka alipolibonyeza kwa kidole gumba, shaba ikabonyea. Akacheka kicheko kidogo cha mshangao, akalibonyeza tena.

Alichukua nyundo ya mti. Pigo la kwanza likatua vizuri. La pili likatua kando, la tatu likakosa kabisa na kugonga umbo la mukau. Hakuna aliyesogea. Mkono wake ulitetemeka mbele yao wote, na giza halikuwa la kutosha kuuficha.

"Makaa haya yana moshi," alisema. "Yananiumiza macho. Nishikie nyundo kidogo, Nzisa, nikanawe."

Akatoka. Nzisa alibaki na nyundo. Alimtazama Aunti Kaveke, na Aunti Kaveke akatazama paa. Basi akapiga. Alipiga kutoka upande wa nyuma ili maua yasife, kwa mapigo mepesi yaliyofuatana, na chini ya mkono wake ukingo wa sinia ukaanza kujikunja juu ya mti kama kitambaa kinachokunjwa na mtu mwenye subira. Mjomba hakurudi mpaka sauti ilipopanda tena kuwa kengele. Ndipo akasema kutoka nje, "Inataka moto hiyo," akaingia kupuliza makaa.

Ikaendelea hivyo. Kila walipoanza alipiga pigo moja au mawili, kisha akakumbuka kitu: mbuzi hajafunguliwa, kuna mtu anamwita barabarani, mgongo unataka kunyooka. Nishikie kidogo. Na kidogo ile ilienda mpaka jua likazama. Pojo zikakomaa, zikavunwa, na Syokau akapiga simu kuuliza Nzisa anakuja Wote lini. Nzisa alijibu wiki ijayo. Mjomba alikuwa pale pale akipiga msasa, na hakuinua kichwa.

Uso ulipokamilika waliusugua kwa ukwaju na majivu mpaka weusi wote ukatoka, wakaufunga mahali pake. Bi Tima akaja Jumapili, amevaa leso mpya, tayari kukaa mbele. Kitonga, mwenye mashine ya kusaga, ambaye ndiye aliyelibatiza gari lile Safina, akaja na watu waliotoka kanisani, wakiwa wamejiandaa kwa mzaha. Musyoka akavuta turubai.

Hawakucheka. Uso ulisimama mbele yao mpana na mtulivu, umejipinda juu kama goti, na ndani yake walikuwamo wote, na mti wa mukau wa pale uani, na kanisa, na mawingu yakitembea. Juu kabisa, kwenye paji, maua ya sinia yalikuwa yamenyooka kidogo kwa kupigwa, yamekuwa marefu kama yanayopigwa na upepo wa mwendo, na gari bado limesimama. Mwanamke mmoja alimnyanyua mtoto wake ili ajione. Bi Tima alisogea, akaweka kidole kwenye ua moja, akafuata mkunjo wake mpaka chini.

"Hili nilikuwa nikila wali juu yake nikiwa mdogo," alisema polepole. "Limekua."

Kitonga alivua kofia. "Leo nimenyamaza, Musyoka. Watu wanasema umezeeka. Mkono uliopiga hii kazi haujazeeka hata kidogo."

Wakampigia makofi. Nzisa alikuwa amesimama nyuma, karibu na gurudumu, akitazama chini. Hakukasirika, alianza tu kukunja kitambaa chake kipande kwa kipande. Makofi yakaisha. Musyoka hakushukuru. Alikuwa akijitazama katika ile shaba, kisha akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua mbele ya watu na kuuacha utetemeke.

"Mkono wangu ndio huu, Kitonga. Utazame vizuri. Haukupiga uso huu. Kazi yangu humo ni ule ufa tu." Akageuka mpaka akamwona. "Nzisa, mwanangu. Kila nilipokwambia unishikie nyundo kidogo, sikumaanisha kidogo. Nilimaanisha uichukue. Nilimaanisha usiende Wote, ukae, karakana hii iwe yako. Nilishindwa kusema kwa sababu nilijua nikishasema, mikono yangu itakuwa imekwisha kweli. Sasa nimesema."