Jina Lililofurika

Liberatus alikuwa na adabu. Nalisema hilo kwanza ili mtu asidhani tuliibiwa na mhuni. Alikuja kwetu Usangu na kalamu mfukoni, akaketi kwenye kigoda chetu, akanywa maziwa yetu ya mgando, akamwita mume wangu "mzee" ingawa walikuwa rika moja. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Waliosema hivyo hawakumjua Liberatus.

Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Chama cha mpunga kilikuwa kimepata mashine huko Iringa. Kila mkulima angetobolewa kadi, mashine ingeisoma na kutoa karatasi inayosema huyu ni nani na jaruba lake la kupandia mpunga ni lipi. Letu lilikuwa la kwanza kwenye mfereji. Mfereji wenyewe tuliuchimba sisi, nikiwa na mimba ya Kalista.

"Jina?" Liberatus akauliza.

"Masunga."

"Mtoto wa nani?"

"Ngolo."

"Na babu? Taja wote, mzee. Mtu bila ukoo ni kuku wa sokoni."

Mume wangu alifurahi mpaka nikamwonea aibu. Tangu tuhame Usukumani hakuna aliyewahi kumwuliza hilo. Kwa wenyeji sisi tulikuwa "wale wa ng'ombe" tu. "Budeba," akasema. "Na baba yake, Mihayo. Makaburi yao yalibaki kule, lakini majina yao nimekuja nayo." Liberatus akaandika yote.

Karatasi ilipokuja, mbele ya jina refu la mume wangu palikuwa patupu. Jaruba lisilo na mwenyewe hurudi chamani, na Liberatus, kwa niaba ya chama, alikwisha kumpa Yotamu, shemeji yake. Mpunga wetu ulikuwa umeanza kutoa masuke.

Tukapanda lori hadi Iringa. Dada mmoja aitwaye Marta, mtoboaji wa kadi, akatuonyesha kadi yetu.

"Jina lina nafasi yake hapa," akasema, "halafu inafuata namba ya jaruba. Jina likizidi, linamwagikia kwenye namba na kuiharibu, na mashine inaona hakuna kitu. Nilimwambia bosi siku ileile nilipogundua, tukiijaribu mashine, kabla hamjaandikishwa."

"Akasemaje?"

"Mashine imetoka Ulaya, haikosei." Akainamisha uso. "Liberatus alikuwepo, mama. Alisikia."

Nikakumbuka kwamba wenzetu wa majaruba ya mwisho, kule maji yasikofika, hawakuulizwa babu zao. Bosi alitupa viti, akatupa pole, kisha akarudia yaleyale: mashine haikosei.

Yotamu alivuna mpunga wetu. Sisi tukapewa jaruba la mkiani, penye magadi. Msimu uliofuata Liberatus akaja kuandikisha upya, na adabu yake ileile.

"Jina, mzee?"

"Masunga."

"Mtoto wa nani?"

Mume wangu alitazama chini. "Masunga tu."

Mwaka huo nilijifungua mtoto wa kiume. Wa kwanza wa kiume, kwetu, hupewa jina la babu wa baba yake, na tangu tuoane nilijua huyu angekuwa Budeba. Nikamweka mikononi mwa baba yake, nikangoja alitaje.

"Mama Kalista," akasema, "mtafutie jina fupi."