Anayemshika Mkono Bairbre

Jumamosi jioni katika baa ya Festy, kijijini Ros Caol, Bairbre alivua miwani, akageuza kiti kuelekea ukutani, na Festy akaenda kuleta ndoo. Ndoo ilikuwa ya mjomba Beartla. Nyimbo nyingi za Bairbre zilitoka kwa mjomba huyo, aliyezama baharini akiwa kijana, na kila zilipoimbwa alikuja kumshika mkono mpwa wake huku bado akichuruzika maji.

"Mjomba, simama juu ya ndoo," Festy alimwambia. "Sakafu nimeipiga deki sasa hivi."

"Wewe imba, binti, usimsikilize huyo," Beartla alimwambia Bairbre, ambaye alikuwa na mvi kichwa kizima.

Kijijini Ros Caol nyimbo za kale haziimbwi kwa ala. Mwimbaji hukaa ameelekea ukuta, hufumba macho, na mtu aliye karibu humshika mkono na kuuzungusha taratibu, kama anayesaga nafaka, mpaka wimbo uishe. Kabla ya kuanza ni lazima aseme wimbo ameupata kwa nani. Waimbaji wengine hushikwa mkono na jirani yeyote. Bairbre, tangu usichana wake, alishikwa na yule yule aliyempa wimbo, awe hai au marehemu, na kwa kuwa walio hai walizidi kupungua, aliizoea mikono ya baridi. Akawa anavaa sweta mbili.

Jina lake lilifika mbali. Redioni wasikilizaji walilalamikia mlio wa matone, wakaambiwa ni mjomba wake, wakaridhika. Huko Boston bibi yake mzaa mama, naye marehemu, aliingia ukumbini bila tiketi na kumsahihisha ubeti mbele ya watu, wakapiga makofi mpaka yule bibi akaona haya. Beartla hakwenda Boston. Alisema bahari aliyokwisha kuijua inamtosha.

Lakini wimbo uliompa kombe lake la kwanza haukuwa wa Beartla. Ulikuwa wimbo mrefu wa msichana aliyeachwa sokoni siku ya posa yake, na Bairbre aliupata utotoni kando ya barabara, akisubiri ndoo ya mama yake izibwe. Aliyeiziba alikuwa Nonie, mmoja wa Watu wa Njiani, wale wanaoishi kwenye magari yao ya kukokotwa, leo hapa kesho kule, na ambao wakipita, wenye nyumba huhesabu kuku wao wasije wakaibiwa.

"Usimtaje yule mwanamke," mama yake alimwonya siku ya mashindano. "Unataka tuchekwe? Sema umeupata kwa mjomba wako."

Bairbre akasema hivyo. Beartla akaja, akamshika mkono, akasikiliza mstari mmoja.

"Huu si wangu, binti," alisema kwa sauti iliyowafikia majaji. "Huu mimi siujui hata kidogo."

Akakung'uta viatu, akaondoka. Bairbre aliendelea kuimba, mkono wake ukiwa hewani peke yake, mpaka alipoingia mwanamke mwenye shali ya kijani na harufu ya moshi, akauchukua kwa mkono wa baridi. Kidole chake gumba kilikuwa na kovu la kuungua kwa madini ya risasi, yale ya kuzibia ndoo. Ndipo Bairbre alipojua kwamba Nonie amekufa. Alipewa kombe, akaenda nalo nyumbani akilia kwa aibu, na tangu siku hiyo alilitaja jina la Nonie kwa sauti kubwa, mama apende asipende.

Baa ya Festy, kama ya baba yake kabla yake, haikuwauzia Watu wa Njiani. Hakukuwa na tangazo mlangoni. Walipokuja wao, ilikuwa imejaa, basi. Kwa hiyo mara ya kwanza Nonie alipoingia, Festy alikuna kichwa.

"Na huyu je?"

"Huyo marehemu, bwana," mteja mmoja alimwambia. "Hanywi, hapigani, hakopi. Laiti ungekuwa na wateja kumi wa namna hiyo."

"Hao wangenifilisi," Festy alisema, akamwacha akae.

Wakampenda. Walimwekea kiti chenye mto karibu na moto, na kila vuli wakafanya Usiku wa Nonie, wageni wakaja kutoka mji wa Galway kwa mabasi. Nonie hakuwahi kusema neno. Alifika wimbo ulipoanza, akaondoka ulipokwisha.

Mwaka ambao kifua kilimsumbua sana Bairbre, mwanamke aliyevaa gauni lake zuri alisimama mlangoni Usiku wa Nonie, mvua ikimshukia. Alikuwa Philomena, mjukuu wa Nonie.

"Pamejaa," Festy alimwambia kwa upole.

"Festy," Bairbre aliita kutoka kitini, "viti vile pale ni vya nini?"

"Vina wenyewe."

"Akina nani?"

"Watu," Festy alisema.

Bairbre alisimama, akachukua fimbo yake. "Basi siimbi. Twende, mwanangu, nitakuimbia huko nje."

"Kwa mvua hii na kifua hicho?" Philomena alicheka. "Ufe, halafu niambiwe nimekuua mimi? Kaa, mama. Usipoimba, bibi hatakuja. Nimetoka mbali kwa ajili yake. Nitasikiliza nje kwa nyuma, kwenye mapipa ya bia."

Bairbre alikuwa na hasira, lakini aliketi. Akausogeza uso karibu kabisa na ukuta wa nyuma, akamtaja Nonie, akaanza.

Nonie alikuja, akamshika mkono kwa mkono wake wa kulia. Wa kushoto akaupitisha ukutani, katikati ya kalenda na picha ya timu ya makasia. Upande wa pili Philomena aliuona ukitokea juu ya mapipa, akakitambua kidole gumba, akaushika. Wimbo wote mikono ilizunguka pamoja, ndani na nje. Mstari wa mwisho, ambao kwa desturi hauimbwi bali husemwa kwa sauti ya kawaida, Bairbre aliusema, na sauti nyingine ikausema naye kutoka kwenye mvua. Ukumbi mzima ulipaza sauti, "Mungu akupe maisha marefu!" Festy alisema hajapata kuona usiku mtamu kama ule, ila kulikuwa na upepo ukutani.

Vuli iliyofuata aliweka benchi kule nyuma, na juu yake kijipaa cha bati, ili Philomena asilowe. Watu wote walikubaliana kwamba Festy ana roho nzuri.