Birika la Mama Mwenyekiti

Kwa heshima na taadhima inayostahili vyombo vya jikoni, tuanze na birika.

Lilikuwa juu ya meza, ndani ya sinia, limefunikwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza ni birika gani hili linalotunzwa kama mtoto mchanga. Lakini mtu aliyesimama mbele yake asubuhi ile alikuwa Mpimaji wa kampuni ya maji, amekuja kujitambulisha kwa mama mkwe mtarajiwa, na akili timamu alikuwa ameisahau getini.

Kazi ya Mpimaji ilikuwa kukaa maabara na kudondosha dawa, tone kwa tone, ndani ya maji yaliyotiwa rangi nyekundu mpaka yageuke buluu, kisha kutangaza kama ni maji laini au magumu. Maji ya mtaa huu yalikuwa yakinywa dawa kama ngamia kabla ya kugeuka. Yalitoka kwenye kisima kirefu chini ya miamba ya chokaa, na yalibeba chokaa kama mwanafunzi anayerudi bweni: kila kitu kimo sandukuni, hakuna kilichobaki kwao. Hayakuwa na sumu, ila yalikuwa na kiburi. Sabuni haikutoa povu. Mashati meupe yalirudi kutoka kambani na rangi ya majivu. Kinyozi wa pale kona alikuwa akimpaka mteja povu shavu la kulia, na kabla hajafika la kushoto, la kulia lilishakata roho.

Aliyeongoza malalamiko alikuwa Mama Mwenyekiti, mkuu wa kamati ya wakazi, mwanamke ambaye hata mbwa wa jirani waliacha kubweka alipokohoa. Bintiye, muuguzi wa zahanati aliyeitwa Nesi na kila mtu, alipomwambia amepata mchumba na mchumba huyo ni mtu wa kampuni ya maji, mama alinyamaza mpaka chai ikapoa.

“Yaani wanatuletea mawe kwa bomba,” alisema mwishowe, “halafu wanataka na mtoto.”

Hata hivyo alikubali kumwona kijana, tena siku ileile ambayo Meneja wa maji angekuja kuwasikiliza wakazi uani kwake. Kuua ndege wawili kwa kikao kimoja.

“Sikiliza,” Nesi alimwonya mchumba wake getini. “Mama hapendi mgeni wa kukaa kama gunia. Ukiona kazi, ifanye. Usiitangaze, aikute imekwisha.” Kisha akaenda na mama yake kwa jirani kuazima viti.

Mpimaji akabaki jikoni peke yake, akitafuta kazi kama kiranja anayetafuta mchelewaji. Vyombo vilikuwa safi. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Akainua kitambaa cheupe, akachungulia ndani ya birika, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Ndani mlikuwa na ukoko wa chokaa mnene kama ukuta, wa rangi ya jino la mzee. Chokaa, bwana mkubwa huyo, Mpimaji alimfahamu vizuri. Na kwenye rafu palikuwa na chupa ya siki.

Akamimina siki, akawasha jiko, moto mdogo. Birika likaanza kunong'ona, kisha kutoa vipovu, kisha ukoko ukabanduka vipande vipande kama mkate mkavu. Akasugua kwa kijiti, akasuuza, akasugua tena, huku akipiga mluzi. Vile vipande alivikusanya ndani ya bakuli, kwa kuwa mtu wa maabara hatupi sampuli, hata akiwa ukweni. Mwishowe akalijaza birika maji safi, akaliweka kwenye sinia na kurudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni, kulitazama linavyong'aa.

Birika nalo likamtazama, likaanza kulia. Tone likaanguka kwenye sinia. Likafuata jingine. Kisha matone yakaacha kupanga foleni.

Nesi aliingia na kiti kichwani.

“Umefanya nini?”

“Nimesafisha birika.”

“Lipi?”

“Nesi, lipo moja tu.”

Nesi alishusha kiti, akakikalia palepale. “Hilo ndilo ushahidi. Mama amelilea miaka na miaka amwoneshe Meneja. Mimi mwenyewe niliwahi kulikaribia na dodoki nikanyimwa chakula cha jioni.”

“Na sasa linavuja,” alisema Mpimaji kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

“Halijawahi kuvuja.”

“Kutu ilishakula kitako zamani. Ukoko ndio uliokuwa kitako.”

Uani viti vilikuwa vinaburutwa, na sauti ya Mama Mwenyekiti ilikuwa inawapanga watu kama mistari ya gwaride. Nesi alitazama dirisha la nyuma, akamtazama mchumba wake.

“Geti la nyuma liko wazi,” alisema. “Nitasema uliugua ghafla.”

Mpimaji alilifikiria geti lile kwa dhati. Kisha akamfikiria Nesi akieleza, na mama akisikiliza, na jibu ambalo lingekuja baada ya mama kunyamaza. Akaokota bakuli la vipande.

“Nikitoka kwa geti la nyuma, la mbele sitaliona tena.”

Meneja wa maji, aliyekuwa ameshaketi uani, alikuwa mtu laini kuliko maji yake. Alikwishawaeleza wakazi kwamba maji ni salama, na kwamba haya mengine, kwa heshima zote, ni maneno tu.

“Maneno?” alisema Kinyozi. “Bosi, njoo nikunyoe. Utaona povu likifa mbele yako.”

“Mimi nafuata vinavyoonekana, ndugu yangu. Nioneshwe.”

Mama Mwenyekiti alitabasamu tabasamu ambalo alikuwa amelihifadhi pamoja na birika. “Leteni lile sinia.”

Mpimaji akatoka nalo mwenyewe. Mama akavuta kitambaa kwa mbwembwe zote. Birika lilikuwa linang'aa hata Kinyozi akajiona ndani yake.

“Mbona zuri,” alisema Meneja. “Kwangu hatuna safi kama hili.” Akalinyanyua juu wote walione, na lile birika, ambalo halikuwa na adabu kwa mtu yeyote, likammwagia suruali.

“Mama, nimelisafisha mimi,” alisema Mpimaji. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. “Nilidhani ninakusaidia. Ukoko wake ni huu hapa, wote.” Akaweka bakuli mezani. Kipande kikubwa kilikuwa bado na umbo la kitako cha birika. “Na wewe bosi, naomba radhi, lakini maji haya nayapima mwenyewe. Hayaui mtu. Ila bati lilishakwisha, na chokaa ya maji yetu ndiyo iliyokuwa imekaa mahali pake. Watu hawa walikuwa wanachemshia chai ndani ya jiwe.”

Meneja alikishika kipande, akakigonga mezani. Kilitoa mlio kama kigae. Akaitazama suruali yake, akakitazama kipande.

“Sasa, hivi ni vinavyoonekana au ni maneno?” aliuliza Kinyozi kwa upole mkubwa.

Ua mzima ukacheka, na Meneja, kwa kuwa alikuwa ameshalowa, akacheka pia. Kabla ya kuondoka alikubali mbele ya wote kwamba maji ya kisima yatachanganywa na ya bwawa, ambayo ni laini, na akamkabidhi Mpimaji kazi ya kusimamia mchanganyiko huo.

Watu walipotawanyika, Mama Mwenyekiti alimwita kijana.

“Umenisaidia, na umeniharibia. Sijui nianze na lipi.”

“Anza na lile dogo, mama.”

“Hakuna dogo. Birika langu lilikuwa halivuji. Siku utakaponionesha kwamba haliwezi kuvuja tena, tutazungumza habari za binti yangu. Na usilipeleke kwa fundi. Ulitoa ukoko, rudisha ukoko.”

Mpimaji alishukuru kwa moyo mkunjufu, akafika getini, ndipo akakumbuka ni nani aliyepewa kazi ya kulainisha maji.

Ndiyo hali iliyomkuta. Maji laini yakafika, na mtaa mzima ukaanza kusherehekea. Sabuni ikatoa povu. Mashati yakarudi kuwa meupe. Kinyozi alimpaka mteja povu hadi masikioni kwa furaha tu. Mtu mmoja pekee alikuwa akilitazama povu kwa huzuni, na ndiye aliyelisababisha.

Basi kila Jumapili Mpimaji alikwenda kisimani na dumu, akachota maji yenyewe, yale ya mawe, akalibeba begani mpaka jikoni kwa Mama Mwenyekiti. Hapo alichemsha, akamwaga, akachemsha tena, birika likivujia motoni na kuzomea, mvuke ukijaa nyumba nzima hadi kalenda ikabanduka ukutani. Mama alipita akienda na kurudi, anajipepea kwa kifuniko cha sufuria.

“Tundu limepungua?” Nesi aliuliza kila mara.

“Limepungua kidogo.”

“Jumapili iliyopita pia lilipungua kidogo.”

“Mapenzi ni subira.”

“Subira inavuta heri,” alisema Nesi, “haivuti chokaa.”

Jumapili moja alifika akihema, dumu begani, akamkuta Mama Mwenyekiti amekaa mezani na kikombe. Birika lilikuwa juu ya jiko, limejaa, linachemka, na moto chini yake ulikuwa mkavu kabisa. Mpimaji alitua dumu. Alizima jiko, akalimwaga birika, akainama na kuchungulia ndani. Kwenye kitako, pale penye tundu, palikuwa na doa la lehemu, jipya, linang'aa kama sarafu.

“Mama,” alisema taratibu, “hii ni kazi ya fundi.”

“Kumbe.”

“Si ulikataza fundi?”

“Nilikukataza wewe,” alisema Mama Mwenyekiti. “Mimi sikujikataza. Kaa chini, mwanangu, tuzungumze habari ya huyu binti. Na hilo dumu lirudishe kisimani. Nyumba hii hatunywi mawe.”