Mfuko Usio na Kisu

Mfuko wa Zan ulikuwa kazi yangu tangu aliponioa. Mwanamke wa kwetu Wasulu hashiki gobole la mumewe, wala baruti yake, wala lile shati la kahawia lililoshonewa hirizi, lakini mfuko wa ngozi ni wa mke. Wanaume hupenda kusema porini kunataka ushujaa. Porini kunataka chumvi. Shujaa asiye na chumvi hurudi na nyama inayonuka, na shujaa aliyesahau betri za tochi hurudi amechanwa uso na miiba, akasingizia jini.

Alasiri ile nilikuwa nakaanga unga wa uwele wa safari. Unakaangwa, unachanganywa na karanga zilizotwangwa na asali kidogo, na mwindaji huukoroga na maji popote alipo bila kuwasha moto, kwa sababu moshi humwambia ngiri kila kitu. Nilikaanga bila kuona ninachokaanga. Tangu machimbo ya dhahabu yalipomfunika mwanangu Burema, kila kitu nilikifanya hivyo. Nilikula, nilioga, niliitikia salamu. Watu wakasema Sitan ana subira. Subira gani? Nilikuwa nimekufa ganzi. Hata kulia kwenyewe sikulia, nilikuwa nawatazama waliaji nikijiuliza kama wameshapewa maji ya kunywa.

Burema hatukumzika. Shimo lilituwahi. Wenzake walisoma dua juu ya kifusi, wakarudi kazini. Na aliyemwambia aende huko ni baba yake. "Porini hakuna kitu tena," alimwambia, "hata swala wamehama. Nenda ukachimbe na wenzio." Burema alikuwa anataka gobole, si sururu. Baada ya msiba Zan hakusema neno juu ya jambo hilo, wala mimi sikumwuliza. Tuliishi chini ya paa moja kama vyungu viwili vilivyopangwa rafuni.

Kwa hiyo aliposema asubuhi, "Leo nakwenda porini," sikushangaa wala sikufurahi. Nilisema "Haya," nikaenda kupepeta uwele.

Alikuja kuuchukua mfuko kabla sijamaliza kukaanga.

"Unga bado," nikamwambia.

"Uache tu. Sina njaa."

"Huna njaa sasa. Na usiku?"

"Sina njaa, Mama Burema."

Nikautazama mfuko begani kwake. Ulikuwa umesinyaa. Chumvi ilikuwa bado kwenye kibuyu chake karibu na mafiga. Tochi ya kichwani ilining'inia msumarini na betri zake mpya ndani. Dumu la maji lilikuwa kavu. Na kisu cha kuchunia, ambacho Zan alikuwa hakitoi nyumbani ila kwa kazi hiyo, kilikuwa kimechomekwa kwenye nyasi za paa kama siku zote. Baruti alikuwa ametia kidogo, ya kutosha risasi moja.

"Moriba mnakutana wapi?" nikauliza. Moriba ndiye mwenzake wa kuwinda tangu ujana wao.

"Moriba haji."

Mwindaji asiye na kisu hatarajii kuchuna. Asiye na chumvi hana nyama ya kurudi nayo. Na anayeondoka alasiri bila tochi hafikirii njia ya kurudi. Nilielewa palepale, bila kubakiza. Zan alikuwa anakwenda porini asirudi, na porini hakuna anayeuliza sana. Gobole hufyatuka, watu wakasema ni ajali, wakaja matangani.

Nililielewa hilo na mkono wangu ukaendelea kukoroga. Ndilo linalonitisha mpaka leo. Si kwamba nilitaka afe. Sikutaka chochote. Niliona tu kwamba unga utaungua, nikapunguza moto.

Hapo ndipo sauti ya Tenimba Keita ilipoingia uani ikimtangulia mwenyewe. Tenimba ni mfinyanzi, na ni mtani wetu. Akina Keita na akina Kulibali, ukoo wa mume wangu, wametaniana tangu enzi za mababu. Matusi ya mtani hayakasirikiwi na ombi lake halikataliwi. Kwenye matanga ya Burema yeye peke yake ndiye aliyewachekesha watu, akijigaragaza chini na mvi zake, akilia kwamba kijana amekufa makusudi ili asimwoe.

"Enyi wala maharage!" alipiga kelele. "Mko hai, au matumbo yamejaa mmepasuka?"

Zan akasema, "Tenimba, niko njiani."

"Njiani kwenda wapi? Mtumwa wangu, siku hizi unaondoka bila ruhusa?"

"Porini."

"Porini! Na magoti hayo? Nungu watakaa kitako wakucheke!" Akamzunguka kama mtu anayenunua mbuzi, akautikisa ule mfuko begani kwake. Haukutoa sauti. Tenimba ana mdomo, lakini na macho anayo. Akautazama msumari wenye tochi. Akatazama paani. Kisha akanitazama mimi, nami nikatazama sufuria.

Akauachia mfuko.

"Kisu umekiacha," akasema. "Utachuna kwa meno? Na hayo meno yenyewe maharage yameshayamaliza."

"Sitaua kitu kikubwa."

"Utaua. Mimi Keita, bwana wako, nataka paja la swala. Na ulilete mwenyewe, kwa mkono wako, mpaka mlangoni kwangu. Ukimtuma mtu nawapa mbwa."

"Tenimba, leo si siku ya..."

"Unanikatalia? Kulibali anamkatalia Keita? Sitan, umesikia? Kiama kimefika na mimi sijavaa!"

Zan akashusha pumzi. Akanyoosha mkono paani, akachomoa kisu, akakitupia mfukoni. Alikitupa kama anayempa mtoto karanga ili aache kulia. Kisha akachukua gobole lake, akavuka kizingiti akaenda. Kibuyu cha chumvi alikipita bila kukitazama.

Tenimba akavuta kigoda, akakaa karibu yangu. Hakuwa anacheka tena.

"Nimefanya langu," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nimemdai nyama. Wewe umemdai nini?"

"Nimdai nini?"

"Nitajuaje? Mke ni wewe. Chochote. Mtu asiyedaiwa hana haraka ya kurudi."

"Sina ninachokitaka, Tenimba."

"Najua. Dai hivyo hivyo."

Nilimtazama. Alikuwa na udongo mkavu kwenye nyusi. Nikafikiri kwamba akitaka kunawa sina maji ya kutosha mtungini. Nilifikiri hivyo, nakwambia, wakati mume wangu anakatiza shamba la pamba, mabua makavu yakimfika kiunoni, na mbele yake hakuna nyumba nyingine.

Nikainuka. Mwiko ulikuwa bado mkononi. Nikatoka mpaka njiani.

"Zan!"

Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Na hakuna mtu, awe mke, awe chifu, anayemwita mwindaji kwa nyuma akishatoka. Ukimwita umempofusha, kila risasi atakayopiga siku hiyo itaishia majanini. Inabidi arudi, avue shati la uwindaji, akae chini angoje siku nyingine. Wako wanawake walioachwa kwa kosa hilo. Wanaume waliokuwa wanasokota kamba kivulini waliacha kusokota.

Zan alisimama. Hakugeuka.

Nikaona kosa langu. Katazo lile la kuita ni la wawindaji. Kama kweli hakuwa anakwenda kuwinda, lilimhusu nini? Anayekwenda kufa hapotezi windo kwa kuitwa. Angeweza kuendelea tu. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliogopa mpaka nikashika kigogo cha uzio. Woga huo ulikuwa kitu cha kwanza kunifikia tangu msiba, na uliniuma kweli.

"Zan!" nikaita tena. "Zan Kulibali! Geuka!"

Akageuka. Alikuja mbiombio, makatambuga yake yakitimua vumbi.

"Umefanya nini, mwanamke? Una wazimu? Miaka yote hii, leo ndiyo umesahau?"

"Sijasahau."

"Umeniharibia siku!"

"Ndiyo."

"Kwa jina langu! Mbele za watu!"

"Ndiyo, Zan."

Hasira ilikuwa imempanda. Nilikuwa sijamwona na hasira tangu Burema afe, wala sijamwona na kitu kingine. Aliegemeza gobole ukutani, akavuta shati kichwani kwa nguvu mpaka uzi wa hirizi moja ukakatika, akakaa kizingitini kifua wazi. Mbavu zake zilihesabika. Nilikuwa nampikia kila siku na sikuwa nimeona kwamba amekonda hivyo. Tenimba alitupita bila kuaga wala kututukana.

Nikakaa karibu na mume wangu. Unga ulikuwa umeungua na uani kote kulinuka moshi. Wale wasokota kamba walikuwa bado wanatukodolea macho.

"Mimi ndiye niliyemwambia aende," akasema.

"Najua."

"Kila siku nakungoja useme. Ukipakua chakula, nangoja. Ukitandika, nangoja."

"Nikianza kukuchukia nitakwambia. Mpaka sasa hata kuchukia sijaweza."

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota ile hirizi iliyoanguka, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba, akaipangusa tena ilipokuwa imeshatakata.

"Kesho nitakwenda," akasema bila kunitazama.

"Kesho nitakuita."

"Na kesho kutwa?"

"Nitakuita."

"Watasema mke wa Zan ameharibika akili."

"Waseme."

Akaegemea kizingiti, akafumba macho. Nilikaa pale pale mpaka jua likazama, ubavu wangu umegusa wake, nikiwa sina ninachokitaka duniani ila kimoja, asiondoke.